Ukingo wa Picha na Jirani Aliyekatwa

Desturi yetu tunapoitazama picha ya sura ya mtu ni kuihukumu kwa yale yaliyomo ndani yake: macho, mdomo, mavazi, mwanga uliouangukia uso. Katika makala haya twapenda kuyaelekeza mawazo ya msomaji mahali pengine, yaani kwenye ukingo. Dai letu ni kwamba ile hali ya moyo tunayodhani kuisoma usoni mwa mtu, iwe ni huzuni, ushujaa au utulivu, mara nyingi haikutoka usoni peke yake. Imetoka pia mahali ambapo mpiga picha, au mtu mwingine baada yake, ameamua kwamba picha iishe. Jambo hili huweza kuonekana kuwa ni la mafundi wa studio tu. Sisi twaona kwamba lawahusu sana watu wafanyao kazi ya Neno, nasi tutaeleza sababu yake baada ya kuutazama mfano mmoja kwa makini.

Mfano wenyewe ni picha ambayo wanafunzi wetu wote wameiona, hata wale wasiojua ni ya nani. Imo kwenye fulana za mitumba na nyuma ya daladala: mtu mwenye nywele ndefu na ndevu chache, kofia yenye nyota, macho yakitazama mbali juu ya vichwa vyetu. Ni sura ya Ernesto Guevara, aitwaye Che. Picha hiyo ilipigwa na Alberto Korda mjini Havana tarehe 5 Machi 1960, na habari yake yafaa kujulikana. Siku moja kabla, meli ya Kifaransa iitwayo La Coubre, iliyokuwa imepakia silaha, ililipuka bandarini na kuua watu wengi. Kesho yake mji ulikusanyika kuomboleza, na Fidel Castro akahutubia. Korda alikuwa akifanya kazi kwa ajili ya gazeti la Revolución. Alisimama chini ya jukwaa akiwa na kamera aina ya Leica yenye lenzi ya milimita 90. Guevara, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 31, alijitokeza ukingoni mwa jukwaa kwa muda mfupi mno. Korda alipata picha mbili tu, moja ya kulala na moja ya kusimama, kisha mtu yule akarudi nyuma ya wenzake. Mhariri wa gazeti hakuitumia picha hiyo.

Basi, yatupasa kuitazama negativu yenyewe kabla haijaguswa na mkasi. Ni picha ya kulala. Upande wa kushoto yupo mtu mwingine, ameonekana kwa ubavu wa uso wake, karibu kabisa na mwisho wa picha. Upande wa kulia majani ya mnazi yanaingia kutoka juu. Guevara yuko katikati ya viwili hivyo, akiwa amefunga zipu ya koti lake mpaka shingoni. Mtu aitazamaye picha hii nzima hujua mara moja kwamba yuko mahali fulani, katika nchi ya minazi, katika mkusanyiko wenye watu wengi, na kwamba huyu wa katikati ni mmoja wao. Ni mtu aliyesimama katika tukio. Uso wake ni mzito, lakini uzito huo una majirani, na jirani humpunguzia mtu ukubwa.

Korda aliiona kasoro hiyo, kama ni kasoro. Alipoichapa picha katika chumba cha giza aliukata upande wa kushoto, akaukata na wa kulia, na ile picha ya kulala ikawa ya kusimama. Aliitundika ukutani mwa studio yake, ikakaa hapo miaka kadhaa. Hakuongeza kitu chochote, wala hakuugusa uso. Lakini tazameni yaliyotokea. Mnazi ulipoondoka, nchi iliondoka pamoja nao. Jirani alipoondoka, mkutano uliondoka. Nyuma ya kichwa pamebaki anga jeupe lisilo na alama, mfano wa ile dhahabu tupu ambayo wachoraji wa Mashariki huiweka nyuma ya watakatifu wao. Na kwa kuwa mpiga picha alikuwa chini na mpigwa picha alikuwa juu, macho yale yanapita juu yetu. Katika picha nzima tungesema kwamba anautazama umati uliokuja kuomboleza. Katika picha iliyokatwa hakuna umati. Hata hivyo macho ya mtu hudai kitu cha kutazama, na kisipokuwapo kitu hicho, mtazamaji hukileta mwenyewe kutoka moyoni mwake. Vijana wa Paris wa mwaka 1968 walileta mapinduzi, na muuza fulana ameleta ujana wenyewe, usiozeeka wala usiotaka kitu isipokuwa kutazama mbali.

Korda mwenyewe alieleza kwamba alichokiona katika uso ule siku ile kilikuwa ni hasira na maumivu. Hili ndilo jambo tunaloliona kuwa kiini cha habari yote. Mtu yule alikuwa katika maombolezo. Kila mchungaji aliyewahi kusimama kaburini anaujua uso wa namna ile, uso wa kiume uliofungwa ili usilie mbele za watu. Mkasi umeugeuza uso wa mfiwa kuwa uso wa nabii, wala hakuna hata mstari mmoja wa uso huo uliobadilishwa.

Yafaa pia kumwuliza yule aliyekatwa. Wengi wamemtambua kuwa ni Jorge Ricardo Masetti, mwandishi wa habari kutoka Ajentina, mwananchi wa Guevara, aliyekuwa mwanzilishi wa shirika la habari la Prensa Latina. Miaka michache baadaye mtu huyo aliingia katika misitu ya kaskazini mwa Ajentina pamoja na kikundi kidogo cha wapiganaji, akiitekeleza mipango ambayo Guevara alishiriki kuiweka, na mwaka 1964 alipotea huko asionekane tena. Picha nzima ingekuwa ni picha ya watu wawili ambao mmoja alimpeleka mwingine kwenye kifo, kisha akamfuata. Twakubali kwamba picha hiyo isingetundikwa katika vyumba vya vijana. Ingekuwa ngumu mno.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki iko habari nyingine ambayo picha iliyokatwa haina nafasi nayo. Mwaka 1965 mtu huyu alipita Dar es Salaam kwa siri, akaenda Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika na kuingia mashariki mwa Kongo. Huko aliitwa kwa jina la Kiswahili, Tatu, kwa kuwa alitajwa wa tatu katika orodha. Alikaa huko miezi saba, pumu ikimsumbua, akiwaongoza watu ambao lugha yao alikuwa akijifunza kwa shida. Alipotoka mwezi wa Novemba alirudi Dar es Salaam, akajificha katika ubalozi wa Kuba, na hapo akaandika kitabu ambacho yeye mwenyewe alikitangaza tangu mwanzo kuwa ni historia ya kushindwa. Huyo Tatu, mgonjwa, aliyeshindwa na kukiri kushindwa kwake, anatuvutia kuliko yule wa kwenye fulana. Lakini hana pa kuingilia katika fremu ile. Anga jeupe halina ziwa.

Mwaka 1967 Guevara aliuawa nchini Bolivia, na mchapishaji wa Kiitalia Giangiacomo Feltrinelli, ambaye tayari alikuwa amepewa nakala ya picha ile, akaisambaza kama bango. Baadaye wachoraji waliondoa hata vivuli vya uso, pakabaki weusi na weupe tu, au weusi na wekundu. Twaweza kusema kwamba huu nao ni ukataji: kwanza waliondolewa majirani, kisha ikaondolewa ngozi. Na mwaka 1999, wakati wa Pasaka, chama kimoja cha matangazo cha makanisa ya Uingereza kilitoa bango lililomwonyesha Bwana Yesu kwa mtindo huohuo, akiwa na taji ya miiba mahali pa kofia. Lilizusha ubishi mwingi. Waliolilaumu wengi walisema kwamba si heshima kumfananisha Mwokozi na mpiganaji. Kwa maoni yetu lawama hiyo haikugusa kosa lenyewe. Kosa la bango lile ni kwamba lilimpa Kristo anga jeupe. Lilimtoa Galilaya, likamwondolea Petro na Maria Magdalena na wale wanyang'anyi wawili, likamwachia macho yatazamayo mbali. Imani ya Mitume haifanyi hivyo. Katika ungamo fupi namna ile, ambalo kila neno lake limepimwa, kanisa la kale liliacha jina la liwali mmoja wa Kirumi aliyestahili kusahauliwa. Mtu mwenye jicho la studio angemkata Pilato mapema sana, kwa kuwa anaiharibu picha. Kanisa lilimwacha ndani, na kwa sababu hiyo twajua kwamba mateso yale yalitokea katika nchi fulani, chini ya serikali fulani, siku fulani.

Hapa ndipo tunapotaka kulirudia neno letu la mwanzo, kwamba watu wa Neno nao ni wakataji. Somo tunalolisoma madhabahuni kila Jumapili twaliita perikope, na neno hilo la Kiyunani maana yake ni kitu kilichokatwa kuzunguka pande zote. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hulikariri bila kulisikia. Mtu aliyepanga masomo ya mwaka wa kanisa alishika mkasi, akaamua kwamba habari ianzie hapa na iishie pale, na kwa uamuzi huo aliipa habari hali yake ya moyo. Mfano ulio wazi ni mahubiri ya Yesu kule Nazareti katika Luka sura ya 4. Mhubiri akiishia pale ambapo watu wote wanamstaajabia Yesu kwa maneno yake ya neema, usharika hurudi nyumbani na picha ya kijana wa kijiji aliyewapendeza wazee wake. Akiendelea aya chache tu, watu walewale wanamsukuma mpaka ukingo wa kilima ili wamtupe chini. Uso wa Yesu ni uleule. Kilichobadilika ni mahali tulipokata.

Lakini tusije tukafikiri kwamba kukata ni dhambi kwa asili yake. Katika sura hiyohiyo Bwana mwenyewe alikata. Alipokisoma chuo cha Isaya aliishia katikati ya sentensi, kabla ya maneno ya siku ya kisasi, akakifunga na kumrudishia mtumishi. Wasikilizaji waliojua Maandiko bila shaka walisikia pengo lile. Huo ulikuwa ni ukataji wenye ujumbe, uliofanywa mbele ya watu walioujua ukurasa mzima na walioweza kumwuliza. Tofauti kati yake na ukataji wa bango ni kwamba mtazamaji wa bango hajui kwamba kulikuwa na ukurasa mzima.

Twaweza kuutaja kwa haraka mfano wa Dorothea Lange, maana msomaji huenda anautazamia. Mwezi wa Machi 1936, huko Nipomo katika California, alimpiga picha mama mmoja katika kambi ya wavunaji wa njegere. Hakupiga mara moja. Alianza mbali, ambapo hema lote laonekana, na msichana mkubwa amekaa kwenye kiti mlangoni, akasogea hatua kwa hatua mpaka pakabaki mama na mtoto mchanga pajani na watoto wawili walioficha nyuso zao mabegani mwake. Watu waliiona wakasema ni Bikira Maria wa siku zetu. Ni kweli inafanana, na imefanana kwa sababu msichana mkubwa na hema na vyombo vimeachwa nje. Mwaka 1939 hata kidole gumba kilichoshika nguzo ya hema kilifutwa katika negativu, kwa kuwa kilionekana kuvuruga utulivu. Jina la mama huyo, Florence Owens Thompson, halikujulikana na watazamaji mpaka mwaka 1978. Alikuwa wa kabila la Cherokee, jambo ambalo picha haisemi, na alilalamika kwamba picha ile haikumpatia chochote.

Tunapenda zaidi kukaa na picha nyingine, iliyopigwa na mmisionari, ambayo kwayo mtu alijizuia kukata. Alice Seeley Harris alikuwa pamoja na mumewe katika misheni ya Baringa, katika nchi ya Kongo iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Tarehe 14 Mei 1904 alifika hapo mtu aitwaye Nsala, akiwa na kifurushi. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka kama mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Bibi Harris alimwomba aketi ukingoni mwa baraza, vitu vile viwili vikawekwa mbele yake, naye akapiga picha.

Katika picha hiyo hakuna anayetutazama. Nsala amegeuza mwili wake, macho yake yako chini, mikono imetulia. Vile viungo vya mtoto ni vidogo sana katika fremu, hata mtu aweza kuitazama picha kwa muda kabla ya kufahamu ni nini. Kati ya baba na viungo hivyo pana nafasi tupu ya sakafu. Kama mpiga picha angesogea karibu na uso, angepata picha ya huzuni kama nyingine nyingi, nasi tungemhurumia mtu huyo bila kujua sababu. Kama angesogea karibu na viungo, angepata kitisho, nasi tungefumba macho. Yeye alisimama mbali kiasi cha kuvichukua vyote viwili, na ule umbali wa sakafu ndio uliobeba picha, kwa kuwa ni umbali ambao baba hawezi kuuvuka tena. Hatujui picha nyingine ya misheni ambayo nafasi tupu imefanya kazi kubwa namna hiyo.

Picha hiyo na nyingine za Bibi Harris zilionyeshwa kwa taa ya picha katika makanisa na kumbi za Uingereza na Marekani, nazo zilisaidia katika mashindano yaliyomlazimisha Leopold kuiachia Kongo mwaka 1908. Mwaka 1905 Mark Twain alitoa kijitabu cha kumkejeli mfalme huyo, ambamo anamfanya alalamike kwamba kamera ni shahidi pekee aliyeshindwa kumhonga. Lakini katika kijitabu hicho watu waliokatwa mikono wamepunguzwa kingo zao na kupangwa pamoja katika ukurasa mmoja, safu juu ya safu. Hatuulaumu ukurasa huo. Ulikuwa ushahidi wa mahakama, na mahakama ilihitajika. Hata hivyo katika safu zile huzuni imekwisha. Kilichobaki ni idadi.

Idara na sharika zetu hutuma picha ng'ambo mara kwa mara, kuomba msaada wa shule, wa visima, wa watoto waliofiwa na wazazi. Tumeziona nyingi. Mtindo wake umekuwa mmoja: mtoto peke yake, kamera imeinuliwa juu na kumtazama chini, macho makubwa, na ukuta wa udongo uliotiwa ukungu nyuma yake. Kwa kuwa kamera iko juu, kila atazamaye amekwisha kuwa mfadhili kabla hajatoa hata shilingi. Mara nyingi mtoto huyo ana bibi yake, na bibi alikuwapo siku ile, amesimama hatua moja pembeni, kwa kuwa hakuna bibi wa Kitanzania atakayemwacha mjukuu na wageni wenye kamera. Amekatwa. Bila yeye, mtoto anakuwa ni wa mtazamaji. Pamoja naye, angekuwa ni wa ukoo fulani, wenye shida na wenye heshima, ambao kwanza ingebidi kuombwa ruhusa. Katekismo Ndogo, inapoieleza amri ya nane, haikatazi tu kumsingizia jirani. Yatudai pia tumnenee mema. Mtoto aliyepigwa picha kana kwamba hana mtu amesingiziwa, na bibi yake amesingiziwa zaidi, ijapokuwa hakuna neno la uongo lililoandikwa chini ya picha.

Mabishano hutokea watu wanaposema kwamba picha yenye bibi haileti fedha. Huenda ni kweli. Picha ya Korda nayo isingeuza fulana ikiwa na Masetti ndani yake.

Lipo jambo la mwisho, la nyumbani zaidi. Mtu anapofariki, familia hutafuta picha ya kuweka juu ya jeneza na kwenye karatasi ya ratiba ya ibada, na katika nyumba nyingi, hasa za wazee, picha ya mtu akiwa peke yake haipo. Ipo ya harusi ya mwanawe, au ya kipaimara cha mjukuu. Basi fundi hukata. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa mkasi na gundi, na matokeo yake tumeyaona makanisani mara nyingi: uso wa marehemu ukitabasamu kwa furaha ya sherehe isiyoonekana, na begani pake mkono wa mtu ambaye hayumo. Siku hizi kwenye simu zipo programu ambazo huufuta mkono huo kabisa na kuweka mawingu nyuma ya kichwa, na vijana huona kwamba hiyo ndiyo kazi safi. Wazee wa kanisa wametuuliza zaidi ya mara moja ipi inafaa kwa ibada. Tumewajibu kwamba mkono uachwe.